Slaidi Niliyoificha

Usevya

Mpwa wangu Hilari,

Mpunga umeiva, miguu imevimba, na padre ameshanipaka mafuta. Unanishauri niweke toleo jipya la programu ya slaidi, ili wasifu wangu uonekane vizuri siku ya mazishi. Mjukuu wangu Dina ananicheka: "Babu, marehemu gani anajiandalia picha mwenyewe?"

Nimechanganyikiwa. Kwenye toleo hili la zamani nimeficha slaidi moja, ya majina ya watoto wangu. Hilo jipya litaionyesha mbele ya waombolezaji? Au litaifuta? Sijui naogopa lipi zaidi.

Basi isome hapa kwanza: Fredrick, Jeniffer, Hilari. Dada yangu alikulea tu.

Njoo uamue wewe toleo la kuweka.

Baba yako,
Gaspar