Safari ya Ukara Uliyoipanga, Shangazi

Shangazi yangu Zaina,

Shikamoo. Naiandika nikijua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Jumatatu naondoka kwenda Ukara, kile kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Viktoria. Wewe ndiye uliyenitia hamu hiyo.

Unakumbuka mwaka ule mvua ilipoteremsha nusu ya shamba lako la Kwai? Watu walilia, kisha wakalima palepale. Wewe ulikwenda hospitali ya Lushoto kutibiwa kidole, ukarudi na habari za dresa aliyekufunga bandeji, mtu wa Ukara. Alikuambia kwao ni mawe matupu na watu tele, lakini shamba halipumziki, maana ng'ombe hufungwa ndani, kwenye shimo, wakaletewa majani, na samadi yote ikabebwa shambani. Tangu siku hiyo ulitaka kukizunguka kisiwa kile kwa miguu, uone kwa macho yako.

Hukujua kusoma, nami nilikuwa darasa la nne. Nilikuchorea njia: gari moshi toka Mombo hadi Korogwe, lori mpaka Morogoro, gari moshi tena mpaka Mwanza, kisha meli na mtumbwi. Uliikariri mpaka ukanisahihisha. Ili kukomaza miguu, ukawa unashuka mlima kwa miguu hadi Mombo, na kesho yake unapanda tena. Wanawake sokoni walikucheka, nawe ukawauliza kama wana salamu za kupeleka.

Baba alikasirika. Alisema mwanamke gani huacha kwake akaenda kutazama mavi ya ng'ombe kisiwani. Ulimjibu taratibu, kwa heshima, "Kaka, udongo ukishafika Mombo haurudi. Mimi nikienda nitarudi."

Siku moja kabla ya safari, mama alijifungua pacha kabla ya wakati, akabaki hoi. Hakuna aliyekuomba. Ulifungua mzigo wako, ukatoa kanga mbili mpya za safari, ukawafunika watoto. Ulikaa kwetu miezi saba, ukimlisha mama kwa mkono wako. Sikukusikia hata mara moja ukiitaja Ukara kwa uchungu. Mama alipopata nguvu, ulirudi Kwai ukachimba shimo la ng'ombe kwa kufuata maneno ya yule dresa tu. Mahindi yako yakasimama. Waliokucheka wakaja kuchungulia, ukawaonyesha bila kuwasimanga. Mwaka uliofuata, homa ya mapafu ikakuchukua.

Sasa mimi ni mwalimu, nimepata likizo, na mume wangu amekubali twende wote. Nimewaona wengi wanaosifiwa kwa ushujaa. Sijamwona aliyeweza kutaka jambo kwa nguvu kama wewe, kisha akaliweka chini kwa upole vile.

Jana nilikwenda kumuaga baba. Nilijiandaa kwa maneno yake ya zamani. Badala yake, akauliza kama miguu yangu imezoea. Nikamwambia nimeshuka Mombo mara tatu. Akatazama pembeni, akasema, "Wakikuuliza huko umetoka kwa nani, usinitaje mimi. Sema umetoka kwa Zaina."

Nitasema hivyo, Shangazi, katika kila shamba nitakalosimama. Pumzika kwa amani.

Ni mimi, binti wa kaka yako.