Hobert Caudill: Ovaroli Ilikuwa Kazi, Suti Ilikuwa Wewe

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, majani ya milima ya Kentaki yakiwa yamegeuka mekundu. Mwaka huu yamegeuka tena, na kiti chako barazani hakuna aliyethubutu kukikalia.

Nchi nzima ilikujua kwa jina la Mjomba Boga: mzee mwenye ovaroli ya viraka, kofia ya majani iliyotoboka, na meno mawili yaliyopakwa masizi ili yaonekane mapengo. Miaka mingi uliketi juu ya marobota ya nyasi katika studio ya televisheni kule Nashville, ukipiga banjo na kusema mambo ya kipumbavu kuhusu nguruwe wako, watu wakishika mbavu.

Hukuwa na nguruwe hata mmoja. Ulikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe, na kila Jumamosi jioni ulijipigia pasi shati la kanisani, maana ndivyo Babu Virgil alivyokulea. Mtu akitoka shimoni anaoga, anafunga tai, na asitokee wa kumwita mchafu.

Ukiulizwa kama hukuona aibu, ulijibu, "Wanamcheka mtu ambaye hayupo. Anayelipwa yupo." Basi, ukarudi kwenye maharage yako na mkate wa mahindi. Mgeni hakuondoka kwako bila nyanya za kubeba, hata kama kwake alizilima.

Halafu mambo yakageuka. Nguo tulizochekwa nazo zikawa fahari. Mawakili wa mjini wakaanza kuvaa mabuti ya wachunga ng'ombe, wanasiasa wakapigwa picha wameegemea matrekta wasiyojua hata kuyawasha. Ulimwita Mama aje aone kwenye televisheni.

"Oleta, tazama maajabu! Zamani walinilipa mimi nionekane mshamba. Siku hizi wanalipa wao waonekane washamba."

Mama hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akiyamenya. "Waambie waje kupalilia."

Mwaka mmoja hospitali ya kaunti yetu ilikuwa karibu kufungwa. Hospitali nyingine ipo ng'ambo ya milima miwili, na barabara yake wakati wa theluji unaijua. Ndipo ikaja simu kutoka kwa watu wa Prentiss Hale, aliyekuwa akigombea ugavana. Walikutaka jukwaani. Si Hobert, Mjomba Boga.

"Na hospitali yetu?" ukauliza.

"Bosi atalizungumzia hilo, mzee wangu. Wewe njoo na ovaroli tu."

Mama alikukataza. "Hiyo ovaroli wakishaivaa wao, hutaivua tena."

"Nawapa ovaroli, wananipa hospitali," ukamwambia. "Ni biashara kama nyingine."

Uwanja wa maonyesho ulijaa mchana ule. Bwana Hale alivaa shati la mirabaraba, mikunjo ya boksi bado imo. Ulipiga banjo, watu wakapiga makofi kwa mahadhi. Kisha ukaweka banjo chini, ukasogelea kipaza sauti na kusema kwa sauti yako ya nyumbani, "Bwana Hale, hawa ni majirani zangu. Waambie wenyewe: hospitali utaiacha wazi?"

Akakushika bega, akawageukia watu. "Mnamsikia Mjomba Boga? Anataka nguruwe wake wapate daktari!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Majirani zetu nao walicheka. Ulisimama pale na kofia yako iliyotoboka, na wakadhani hata uso ule ni sehemu ya mchezo.

Mlipofika darajani njiani kurudi, ulimgeukia Mama. "Hawakunisikia, Oleta," ukasema. "Walimsikia Boga."

Mama alikuwa anaendesha. Hakusema, "Nilikuambia." Tunajua ilimgharimu.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wazi wa wananchi kuhusu hospitali hiyo, katika ukumbi wa mahakama ya kaunti. Ulivaa suti yako ya kijivu na tai ya buluu. Ulipoingia, jirani yetu Arvil Noble akapiga mluzi kutoka nyuma.

"Lahaula! Boga kavaa tai! Nani anaoa?"

"Cheka, Arvil," ukamjibu. "Lakini kwanza tuambie, mkeo alipozidiwa akijifungua mapacha wale, ulimkimbiza wapi?"

Arvil akavua kofia.

"Nimewachekesha tangu wengi wenu hamjazaliwa," ukasema. "Leo sina kichekesho. Mimi ni Hobert, mtoto wa Virgil Caudill, na nimekuja kuomba watu wetu wasije wakafia njiani."

Arvil ndiye aliyesimama wa kwanza baada yako, na wengine wakafuata, hadi mwenyekiti akaacha kutazama saa.

Hatukupata yote. Bwana Hale alishinda, na wodi zikafungwa majira ya machipuko. Lakini chumba cha dharura kilibaki, na gari la wagonjwa likabaki. Uliomba mabango ya kampeni yenye picha yako na Bwana Hale yaondolewe. Yaliondolewa yote isipokuwa lile la kituo cha mafuta, nalo ulilichana mwenyewe, ukamlipa mwenye kituo gundi yake.

Moyo wako ulipokuangusha, ni kwenye chumba kile cha dharura ulikofikishwa, ukapata siku tatu za kutuaga kila mmoja kwa jina. Kwa hilo tunashukuru.

Watu wengi waliandika wakitaka uzikwe kama Mjomba Boga. Jumba moja la makumbusho likaomba ovaroli yako. Mama aliwajibu wote kwa upole kwamba utazikwa kwa suti ya kijivu, na kwamba ovaroli haipatikani, ina kazi. Ameikunja miguu, amefupisha mikanda, na kila asubuhi anaivaa kwenda kupalilia maharage. Inampwaya. Hakuna anayecheka.

Unakumbukwa na mkeo Oleta, wanao Renda na Dwight, mkwe wako Coy, mjukuu wako Tessa, dada yako Ruthanne, jamaa wote wa kwetu Pigeon Fork, na Arvil Noble, aliyeomba jina lake liwemo.

Pumzika, Hobert. Sisi tukingali hai, hutasahaulika.