Mfarishi Nilioushona kwa Baridi ya Msituni

Lukozi, Lushoto

Mama yangu,

Shikamoo mama. Shikamoo tena, maana najua ya kwanza imekukuta unatafuta miwani. Magoti yanaendeleaje? Machungwa mmeanza kuchuma, au wezi wamewatangulia kama mwaka jana? Mimi ni mzima. Mtoto naye ni mzima, anacheza tumboni mpaka nashindwa kukaa kwenye cherehani. Kinachouma ni moyo tu, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Simu ya mjomba ikiita inawekwa spika, na baraza zima linachangia. Hili si la kuchangiwa. Barua nimempa muuza viazi anayeshusha mzigo Muheza. Isome mwenyewe, mama, usimpe mjomba akusomee.

Umekuwa ukiuliza nashuka lini. Nilikuahidi kwamba nitakuja kujifungulia kwako, kama wewe ulivyojifungulia kwa bibi, na kama dada alivyojifungulia kwako. Najua mtoto wa kwanza hazaliwi ugenini, hukuwa na haja ya kunikumbusha kila Ijumaa. Hilo ndilo jambo nililolitaka kuliko yote mwaka huu, na Salehe analijua. Ngoja nikueleze lilivyokwenda.

Unajua Salehe aliacha mkonge akaja huku kufanya kazi na watafiti wa ndege. Kazi anaipenda, siwezi kumsingizia. Mtu ambaye alikuwa hawezi kutofautisha kunguru na kanga, leo akisikia mlio tu anakutajia ndege, jike au dume. Tabu ni kulala. Huko msituni hakuna mahali pa kutandika hata mkeka, ni mteremko na tope tupu. Kwa hiyo kila mmoja anafunga bembea yake, kitambaa kirefu kati ya mti na mti, juu wanatandaza turubai la kuzuia mvua, na mtu analala humo akining'inia kama popo. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ila baridi yake haichekeshi. Wewe unajifunika mablanketi juu, yenyewe inakuja kwa chini, inakushika mgongoni. Mwaka jana ndiyo iliyompa homa ya mapafu. Unakumbuka nilivyolala sakafuni wodini pembeni ya kitanda chake. Daktari alimwonya kifua kisipigwe na baridi vile tena. Basi mwaka huu walipotaka kupanda, nililia, na Salehe akaniambia, "Zuhura, niache nijaribu mara moja tu. Baridi ikinishinda tena, narudisha vitu vyao, tunashuka wote Muheza ukajifungue kwa mama. Naapa."

Umeona hapo, mama? Kazi yangu ilikuwa kukaa kimya. Nikae, nimsubiri, baridi inimalizie shughuli, nipande basi nije kwako. Lakini nani anakaa kimya mumewe akitetemeka? Mimi siwezi. Labda wewe ndiye uliyenilea vibaya.

Kwanza nilimkunjia blanketi alilalie ndani ya bembea. Akalijaribu usiku mmoja hapa uani, akaniambia ni sawa na hakuna kitu. Uzito wa mwili unalibana, linakuwa jembamba kama kanga, joto linakaa wapi? Ndipo nikafikiri joto lisikae chini ya mgongo, likae chini ya bembea yenyewe, lining'inie nje pasipolaliwa. Nikaenda mnadani Soni, nikanunua makoti mawili ya mitumba, yale ya kuvimba, nikayafumua. Nikashona mfarishi mmoja mrefu, nje kitambaa cha koti la mvua, ndani ule ujazo wa makoti, kona zote nikatia kamba.

Tukaufunga chini ya bembea uani, kwenye miparachichi miwili ya mama mwenye nyumba. Unajua nilifanya nini? Nilikaza zile kamba kama nambeba mtoto mgongoni. Nikavuta mpaka zikalia. Mkono ulishazoea, tangu nikiwa mdogo nawabeba watoto wa shangazi, na mtoto ukimlegeza ni aibu. Salehe alipolala, bembea ikashuka, mfarishi ukabanwa ukawa bapa, tumerudi palepale kwa blanketi. Nikalegeza. Nikalegeza mno, ukaning'inia kama tumbo la ng'ombe, upepo unaingia huku unatokea kule. Mama mwenye nyumba alikuwa anatoka bandani na ndoo ya maziwa, akasimama akatazama.

"Sasa mwanangu," akasema, "hapo umemshonea mumeo au umeushonea upepo?"

Nilimjibu vibaya kidogo, nikamwomba radhi baadaye. Yeye si mtu mbaya.

Tukaendelea hivyo, naongeza, napunguza, mpaka mfarishi ukawa unaigusa bembea bila kuibana. Salehe akapanda na koti lake mwilini, jua linawaka, akasema safi kabisa. Akaenda zake dukani kununua betri za tochi. Mimi roho haikutulia. Nikavua viatu, nikapanda mwenyewe, na tumbo langu hili. Yule mama aliponikuta humo alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Akizaliwa humo tutamwita Ndege," akasema, akaondoka anacheka.

Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshausikia upepo. Upande wa kushoto, hapa kiunoni, bembea inapopinda mfarishi ulikuwa umeachana nayo. Palikuwa na nafasi kiganja kinapita. Upepo ulikuwa unaingia hapo unanishika mbavu. Salehe hakuujua kwa sababu ya koti na jua. Nilikuwa naujua mimi peke yangu.

Mama, nilishuka, nikaufungua ule mfarishi, nikakaa nao mapajani, sikuurekebisha. Nakwambia wewe kwa sababu ni wewe. Niliwaza kwamba nikiuacha hivi hivi hakuna atakayenilaumu. Atapanda, mgongo utamganda, atashuka, ameapa. Nitakuwa kwako kabla ya kipupwe. Niliona mpaka chai utakayonipikia. Halafu Salehe akarudi na betri zake, akaanza kupanga nguo kwenye begi huku anapiga mluzi wa ndege sijui gani, na alipoinama akakohoa. Kikohozi cha kawaida, cha vumbi. Lakini nilisikia kile cha wodini. Nikajiuliza, Zuhura, unataka mumeo augue ili wewe upate safari? Nikachukua sindano. Nikahamisha kamba ya kushoto, nikatia lastiki kichwani na miguuni ili mfarishi ufuate mwili unapogeuka. Nikapanda tena kupima, hapakupita hata kidole. Akaondoka nao asubuhi.

Aliposhuka nilimwona tangu kona ya shule, anatembea kifua mbele. "Nimelala, Zuhura," akaniambia kabla hata ya salamu. "Nimelala kama niko kwetu." Wenzake walikuwa wanakuja mmojammoja kutia mikono chini ya bembea yake, kama watu waliokuja kuona mtoto. Mkuu wao, yule mama wa Kizungu, naye akatia mkono, akauliza nani kashona. Sasa anataka kambi nzima washonewe. Na kwa kuwa baridi si kisingizio tena, hawatakuwa wanashuka kila mwisho wa wiki. Watakaa juu kipupwe chote, na Salehe ndiye atakuwa msimamizi. Alikuwa anasema hayo huku anakula, furaha inamtoka na ugali.

"Mbona huli?" akaniuliza.

"Nahesabu miezi."

Ndipo akatazama tumbo. Akarudisha tonge kwenye sahani.

"Lakini baridi haikunishinda," akasema taratibu.

"Haikukushinda," nikamwambia.

Akasema basi, atakwenda kukataa. Alisema hivyo, mama, kwa haki ya Mungu alisema. Ila mtu niliyelala naye miaka yote hii namjua sauti, alikuwa anaomba nimwambie asikatae. Nikamwambia nenda. Ameshapanda. Nimemkasirikia, na usiniulize kwa haki gani, mfarishi nimeushona mimi.

Nikasema basi, nitashuka peke yangu. Juzi nikaenda kliniki kuaga. Nesi akapima presha, akabonyeza miguu yangu, vidole vyake vikaacha mashimo. Akasema zile kona za kushuka mpaka Mombo nisizipite tena, nijifungulie hospitali ya Lushoto. Nilimbembeleza, nikamwambia mama yangu ananingoja. Akasema ananisikitikia, lakini jibu ni hilohilo.

Kwa hiyo siji, mama. Nimeliandika mara tatu na kulikata, sasa naliacha.

Naogopa. Mama mwenye nyumba ameniambia atanisindikiza, na najua atanisindikiza. Lakini akiwa na haraka anaongea Kishambaa, na mimi nashika nusu. Naogopa siku ya uchungu watu watakuwa wananiambia jambo la kufanya na mimi sielewi, na Salehe yuko juu huko amelala kwa joto nililomshonea mwenyewe. Nikifika hapo kwenye mawazo, nalia. Halafu nafurahi kwamba halali kwenye baridi, halafu nalia tena.

Najua ulisema hutapanda milima hii hata uitwe na mkuu wa mkoa. Sasa anayekuita ni mimi.

Nisalimie shangazi wa maandazi pale stendi, na baba mdogo, mwambie ile dawa ya miguu nimeipata ila nesi amenikataza. Mjomba mwambie amesalimiwa, basi, asiulize mengine. Bibi mshikie mkono umtajie jina langu hata kama hakumbuki. Dada nimesikia amenipakia chumba chokaa na kunishonea pazia. Mwambie ahsante sana, na alaze watoto wake humo.

Usihangaike na mizigo. Mchele upo huku, kanga ninazo, nguo za mtoto nimeshona nyingi mno. Muuza viazi anarudi na gari tupu, atakupa kiti cha mbele. Njoo na mikono yako tu.

Ni mimi mwanao, ninayetazama barabara,
Zuhura