Kwa Kusema "Imechacha", Nimebaki Bila Mke

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima naleta mbele yako shauri langu na kuomba msaada, kwa sababu nimelipima kila upande nisione kosa langu lilipo isipokuwa katika neno moja la Kiswahili, nalo neno hilo, nikiruhusiwa kusema, ni sahihi.

Mimi ni mhudumu wa baa katika klabu moja hapa Milimani, Kisumu. Asili yangu ni Vihiga, na Kiswahili nilijifunza mwenyewe kwa kusoma kamusi baada ya kuacha shule. Kazini nimejifunza pia, kwa kuwatazama wageni, namna ya kuonja divai ipasavyo. Mke wangu Lornah ni wa Asembo Bay, na kwa kuwa Dholuo yangu ni haba, kwao huzungumza nami kwa Kiswahili.

Desemba iliyopita wakwe zangu walinialika siku ya kunipokea rasmi. Mama mkwe, Mama Perez, hana mfano katika upishi wa pombe ya wimbi. Wengine hupika na kuinywa wiki hiyo hiyo, lakini yeye huichuja akaihifadhi katika pipa la mbao ambalo marehemu mumewe alilileta kutoka bandarini, na humo hukaa tangu mvua za masika hadi mwisho wa mwaka bila kuguswa. Pipa la mwaka huo lilitengwa kwa ajili yangu, kwa kibali cha chifu.

Kwa mila yao mama mkwe haketi pamoja na mkwe, hivyo yeye alikuwa jikoni, mlango wazi, akisikia yote. Pombe ilitolewa pipani ikatiwa katika chungu, na shemeji yangu Zadock akanisogezea oseke, ule mrija mrefu wanaonywea pamoja, lakini mimi nilikuwa nimekuja na bilauri safi kutoka Kisumu, nimeifunga katika leso, kwa nia ya kuiheshimu pombe ile jinsi inavyostahili.

"Shemeji, hiyo glasi ni ya nini?" akauliza Zadock. "Kwani sisi tuko na ugonjwa?"

Nikamjibu kwamba rangi haionekani ndani ya chungu, nikaomba nichotewe kwa kata, nikainua bilauri kwenye mwanga wa mlango. Shangazi mmoja akasema, "Mwacheni, anatafuta omena," yaani dagaa wa ziwani, wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikanusa, nikavuta funda moja, nikalizungusha mdomoni, nikalitema nje kwa adabu kama wafanyavyo waonjaji, na Mshauri, sijapata kuonja kitu kama kile: ukali wa ukwaju uliokuja taratibu, nyuma yake mapera yaliyoiva, halafu harufu ya mti mkavu na ya unga uliokaangwa, na mwishowe ulimi ukabaki safi, ukitaka tena.

Nikasimama, nikatamka kwa sauti: "Mama, pombe hii imechacha vilivyo!"

Nilimaanisha imeumuka, imekomaa, imepata ukali wake wa haki. Zadock akageukia jikoni akasema jambo kwa Dholuo, kisha sauti ya Mama ikaja kwa Kiswahili, ili nami nielewe:

"Mwambieni huyo Bwana wa Milimani, kama pombe yangu ni ya kutema, na sisi je, atatutema lini?"

Akaenda kulifunika pipa, akasema halitafunguliwa tena kwa ajili yangu. Lornah alibaki kwao na mtoto wetu, na ujumbe wake kupitia kwa Zadock ni mmoja tu: "Mama akifungua pipa, nitarudi." Sasa ni Februari. Nimempelekea Mama ufafanuzi wa kitenzi "chacha" kutoka katika kamusi, pamoja na mifano, naye hajajibu. Je, niombe radhi kwa neno lililo sahihi, au ningoje waelewe?

Ni mimi mtiifu wako,
Enos, Kisumu

*

Bwana Enos,

Pole kwa nyumba iliyopoa. Pole hiyo itunze vizuri, kwa sababu nyingine sina.

Neno lako, sawa, limo katika kamusi. Lakini mama akiambiwa maziwa yamechacha huyamwaga, haendi kutafuta kamusi. Hata hivyo, neno ni kosa dogo. Barua nzima umekitetea kitenzi kimoja, na katikati yake umepitisha kingine mbio mbio kama mtu anayevuka na ng'ombe asiye wake: "nikalitema." Mama Perez mwenyewe alikutajia kosa lako. Alisema "imechacha"? Hapana. Alisema "kutema." Wewe mpenda maneno, hilo hukulisikia?

Wageni wa klabu yako hutema kwa sababu wana chupa nyingi za kuonja na hawamjui aliyezitengeneza. Mama huyu alipika, akachuja, akangoja tangu masika, kisha mkwe akaja na bilauri yake kama daktari, akachunguza, akatema mlangoni pake.

Na kuna jambo limeniudhi zaidi. Ule ukwaju, yale mapera, ule ulimi uliotaka tena: kwa nini umeniandikia mimi? Mimi pipa hilo silijui. Mwenye haki ya kuyasikia alikuwa jikoni, mlango wazi, akingoja, wewe ukampelekea kitenzi.

Sasa fanya hivi. Jumamosi nenda Asembo pamoja na mzee mmoja wa upande wenu, mbebe sukari na majani ya chai. Bilauri iache Milimani, na kamusi pia. Mzee ndiye aanze kusema, na aseme wazi kwamba ulitema kwa mazoea ya kazi, na kwamba ni aibu yako. Ukiulizwa, jibu ni "ndiyo, nimekosa," bila maelezo. Mama akikataa, rudi tena Jumamosi inayofuata. Hata pombe yake haikukomaa kwa siku moja.

Siku pipa litakapofunguliwa, shika oseke kama wenzako. Dholuo utakayohitaji ni neno moja tu, mit, yaani tamu. Liseme kwa sauti ifike jikoni. Wakitaka zaidi, wape ukwaju na mapera, Zadock atafsiri.

Ila kwanza, Bwana Enos, meza.