Maji ya Tarehe Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Tumeitoa! Siku hamsini ndani ya tangi la maabara, tukiupoza mchanganyiko nusu digrii kila siku, na sasa fuwele inakaribia ukubwa wa ngumi yangu. Safi — isipokuwa utepe wa ukungu tumboni. Nikaiweka chini ya hadubini. Mungu wangu. Si ukungu, ni matone! Mamia ya vitone vya maji vilivyonaswa, kila kimoja kina kuta zilizonyooka na pembe zake. Ndani ya kimoja kuna kiputo. Nikiinamisha fuwele, kinatembea. Nimesahau hata kula.

Jumanne, 4 Machi
Bosi kapima. Utepe uko milimita kumi ndani; fuwele hukua nusu milimita kwa siku. Siku ishirini kabla ya kuitoa, basi: tarehe 11 Februari. Anasema siku hiyo kuna mtu aliipoza haraka, ikakua mbio mpaka ikameza maji. Daftari linasema nusu digrii, kama kawaida. Sahihi ni ya Mtaratibu, mwenzangu wa zamu. Nikarudi kwenye hadubini.

Jumatano, 5 Machi
Niseme hapa basi. Ni mimi. Wifi alikuwa kajifungua, nikataka siku nne nikamwone mtoto. Asubuhi ile nikashusha digrii mbili kwa mkupuo, nikajaza daftari la siku zote nne, nikamwambia Mtaratibu asiguse kitu, atie sahihi tu. Akaniamini bila kuuliza sababu. Nani angejua?
Fuwele imejua. Imeyafungia maji ya asubuhi ile ile, na tarehe yake! Yana umri mmoja na mtoto wetu. Nayatazama kwa aibu, ndiyo, ila zaidi kwa uzuri wake.

Alhamisi, 6 Machi
Mkataba wa Mtaratibu unaisha mwezi huu. Bosi kasema hauongezwi. Mtaratibu kaniuliza kama najua lolote. Nikamwonyesha kiputo. Alicheka kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimesema. Bosi hakufoka. Alikuwa dirishani na fuwele mkononi, akaigeuza polepole, akasema miaka yote hii hajaona matone yaliyojipanga hivi. Kisha akanipa karatasi: niandike yote, saa na digrii. Akamwita Mtaratibu.
Niko kwenye benchi la korido. Kwenye karatasi nimeandika tarehe tu. Mtaratibu katoka sasa hivi, kapita mbele yangu bila salamu. Nimemwita. Kasimama — hajageuka.