Vita Nilivyokutungia Wodini

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu sijui pengine pa kuanzia. Miezi minne imepita tangu tukuzike, na muda wote huo sijakuambia neno. Wenzangu hapa Mwankoko wakienda makaburini wanang'oa majani huku wanaongea na watu wao. Mimi nang'oa majani tu, narudi. Mdomo haufunguki. Ndiyo maana naandika.

Kwanza habari za nyumbani. Alizeti tumevuna, si nyingi, upepo uliangusha mistari yote ya juu kule kwenye miamba. Kitanda chako nimekitoa nje nikakiosha, sasa kimeegemea ukuta. Bado naamka alfajiri nikidhani ni saa ya kukugeuza. Naketi, nakumbuka, najilaza tena, na usingizi hauji. Mgongo unauma upande uleule wa kushoto niliokuwa nikikuinulia. Nilidhani mzigo ukitua na maumivu yatatua. Nisamehe kukuita mzigo.

Lakini sikukaa hapa kwa ajili ya alizeti. Nataka tuongee habari za Mnyaa.

Unakumbuka alivyoingia nyumbani? Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya wewe kuanguka kutoka juu ya lori la magunia kule mnadani Mtinko, miguu ikakataa. Mama alikuwa ametangulia zamani. Kaka Ramadhani alikuwa Kahama machimboni. Tulibaki wawili, wewe kitandani na mimi kati ya kitanda na shamba. Ulikuwa umeacha kuongea. Nikikuletea uji unapokea, nikikuuliza kitu unatikisa kichwa. Ramadhani akakutumia simu ya kupangusa ili muonane sura, na aliyemuuzia alikuwa ameijaza michezo. Siku moja narudi na kuni kichwani nikasikia unacheka chumbani. Nilizitupa palepale mlangoni nikidhani umepatwa na jambo.

Ulinionyesha kioo cha simu. Mbegu yenye macho mawili imekaa kwenye udongo inakutazama.

"Mwaju," ukasema, "hii mbegu ina kiu."

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Unaotesha kiumbe, unakilea, unakifundisha kupigana, halafu unakiingiza uwanjani kikutane na viumbe vya watu wengine, kila mtu akiwa na simu yake huko aliko. Wa kwako alichipua miguu ya mizizi na mikono ya vijiti vya kijani visivyo na majani, na akikasirika alirusha utomvu mweupe machoni mwa adui. Ukamtazama, ukatazama dirishani ule ua wetu wa minyaa, ukampa jina hapohapo.

Watu wengine walikuwa wananunua mbolea ya humohumo mchezoni, viumbe vyao vinarefuka kwa siku moja. Wewe ulikataa. Ulisema mmea ukiuharakisha unapata shingo, haupati mizizi. Ulimpa maji asubuhi na jioni, ukamgeuza kuelekea jua, ukamzoesha pigo moja wiki nzima kabla hujamfundisha lingine. Akitoka kupigana, hata akiwa ameshinda, unampumzisha kutwa. Mwanzoni alipigwa sana. Kila akipigwa ulisema mvua za kwanza ni za kupimia udongo.

Halafu akaja Babu Jembe. Kwetu alikuwa jina tu kwenye kioo, jina na kobe wake wa jiwe, mzito, mgumu, hana haraka. Kila siku baada ya alasiri alikuwa anakusubiri uwanjani. Mchezo unaruhusu kuandikiana maneno machache, na macho yako hayakuziona herufi ndogo, kwa hiyo nilikusomea na kukuandikia mimi. Ndivyo tulivyojua kwamba yuko Kinyangiri, analima mtama, ana mbuzi kadhaa. Mlikuwa mnaulizana mvua kabla ya kupigana. Baadaye mkapeana namba, mkawa mnapigiana wakati mimi niko shambani. Mnyaa alimshinda yule kobe mara chache sana, na kila siku aliyomshinda ulimaliza ugali wote.

Sasa niseme la kwangu. Nilimchukia Mnyaa.

Natoka kwenye vitunguu mikono imepasuka, sijanywa hata maji, unaniita nikuwekee mto mgongoni kwa sababu Babu Jembe anasubiri. Bando likiisha unanitazama hivyo ulivyokuwa unanitazama. Siku ile ya palizi nilikuwa nimesimama mlangoni, jembe bado begani, nikakuambia lile neno. Nilikuambia, "Baba, nguvu zote hizi unampa mmea wa uongo."

Hukukasirika. Uliilaza simu kifuani. Kisha ukasema, "Ndiye peke yake ninayeweza kumlima, mwanangu."

Nilitoka nikaenda kukoroga uji. Sikuomba radhi siku ile wala kesho yake. Naomba sasa.

Vidonda vya mgongoni vilipotunga usaha na homa ikakataa kushuka, tulikwenda hospitali mjini. Siku ya kulazwa ulinikabidhi simu. Ulisema mikono inatetemeka, hutaweza, kwa hiyo nimpe maji mimi, asubuhi na jioni, na nisimwingize vitani. Akikaa siku tano bila maji anakufa, ulisema, na akifa harudi. Nikaitikia.

Nilimnywesha siku mbili. Siku ya tatu walikuingiza chumba cha upasuaji kukusafisha vidonda, nikakaa kwenye benchi la nje mpaka jioni. Siku ya nne nilikuwa na mashuka ya kufua. Simu ikaisha chaji, nikaitia kwenye mfuko wa nguo, nikasahau. Hapana, Baba. Kusahau si kweli. Niliikumbuka mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka chini ya kitanda chako, na mahali pa kuchajia palikuwa mwisho kabisa wa korido, nikasema ngoja nipumzike kidogo nitaamka. Sikuamka.

Nilipokuja kuiwasha, asubuhi ya siku ya nane, nilikuta kijiti kikavu, macho yamefumba. Nilibonyeza maji mpaka kidole kikauma. Maji yalimwagika juu yake, yakapita, yakaisha.

Asubuhi ileile ukaniuliza Mnyaa hajambo. Nikasema hajambo. Amekunywa? Amekunywa. Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Kesho yake ukauliza kama hajachoka kukaa bila kupigana, na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikasema jana nilimwingiza uwanjani, unisamehe. Ukauliza na nani. Nikasema na Babu Jembe. Nani kashinda? Nikasema Mnyaa.

Ulitabasamu. Midomo ilikuwa imekauka, ikapasuka kidogo. "Hebu nisimulie," ukasema.

Nikasimulia. Mimi ambaye sijawahi kushika simu ile kwa mapenzi, nikasimulia jinsi kobe alivyojificha ndani ya gamba akidhani Mnyaa atamrukia, na Mnyaa hakumrukia, alisubiri, akapenyeza mizizi taratibu chini ya tumbo la kobe, mmoja, wa pili, wa tatu, akamwinua mpaka akapinduka chali. Ukanikatiza ukasema mizizi yake haifiki huko. Nikasema imerefuka. Ukafikiri kidogo.

"Eeh," ukasema. "Ni hayo maji unayompa."

Ikawa ndiyo kazi yetu kila asubuhi ukishameza dawa. Nikimaliza vita vya Babu Jembe natafuta adui mwingine. Nilikuletea nyoka wa magadi aliyetoka ziwani, nikakuletea dume la ng'ombe lenye pembe za moto. Nikiwa nafua mashuka nilikuwa natunga vita vya kesho. Mara mojamoja nilimfanya Mnyaa apigwe, nikaona akishinda kila siku hutaniamini. Fundi baiskeli wa Ikungi aliyelazwa kitanda cha jirani akawa anazima redio yake ili asikie. Na wewe unanirekebisha umefumba macho: hapo asingerusha utomvu, Mwaju, hapo angengoja. Najua ni vibaya kusema hivi, lakini wiki zile mbili ndizo nilizoishi na wewe kuliko miaka miwili yote ya kukugeuza.

Asubuhi ya mwisho sikufika mwisho wa hadithi. Mnyaa alikuwa amesimama, adui hajatokea bado, vumbi tu. Uliniomba mkono. Nikakupa. Ukasema niendelee. Nikaendelea, nikaendelea, mpaka muuguzi akaniwekea mkono begani. Sijui uliondoka kwenye neno gani. Nimejaribu kukumbuka.

Niliizima simu, nikaifungia kwenye sanduku la nguo zako. Watu wakaja, wakaondoka. Arobaini ikasomwa. Kila aliyenipa pole alinisifu kwamba nilikutunza vizuri, na kila aliponisifu nilimwona yule wa macho yaliyofumba, nikajiambia: huyu baba amekufa akiamini uongo wa binti yake.

Mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa naanika mahindi, nikasikia hodi. Mwanamke wa makamo, kitenge cha bluu, jogoo kwapani na kifuko cha mtama mkononi. Nikamwamkia, nikamkaribisha kigoda. Akasema ametoka Kinyangiri, alipiga namba yako wiki nyingi haipatikani, akaamua kupanda gari aje aulize, na pale njia panda ndipo alipoambiwa. Akanipa pole. Nikamuuliza yeye ni nani kwetu.

"Mimi ndiye Babu Jembe," akasema.

Baba, mbona hukuniambia? Muda wote ule nakuandikia "salamu mzee mwenzangu" na wewe unajua kabisa umeongea na mama wa watu kwenye simu. Akanieleza kwamba jina ni la marehemu mume wake. Ndiye aliyemlea kobe mwanzo, na alipofariki mke alitaka kuifuta simu, akakuta kobe bado anasubiri kulishwa, akaona si vizuri. Nilicheka. Halafu nikaona haifai, kwa hiyo nikamwambia yote. Kwamba Mnyaa alikufia mikononi mwangu kwa uvivu wangu. Kwamba nilikudanganya kila siku mpaka ukakata roho. Nilimwambia nikiwa natazama mahindi.

Alinisikiliza huku anajisugua magoti. Nilipomaliza akasema, "Baba yako alijua."

Akasema siku moja wakati mimi niko kwenye kamba za kufulia uliomba simu ya yule fundi baiskeli, ukamtajia namba uliyoishika kichwani, akakupigia. Ulimuuliza kobe wake kapinduliwaje. Yeye hakuelewa. Akakuambia hajakutana na Mnyaa zaidi ya wiki, jina lake limefifia uwanjani. Halafu ukamwambia maneno ambayo nilimwomba ayarudie mara mbili.

"Basi kafa. Usije ukamwambia binti yangu kwamba najua. Kachoka, na hasemi. Kila asubuhi ananisimulia, mama, na anasimulia vizuri kuliko tulivyokuwa tunapigana. Siku nikiwa sipo, ukipata nafasi, mwambie akichoka awe anasema."

Nililia, Baba. Tangu mazishi nilikuwa sijalia, kulikuwa na watu wa kupikia. Mama yule hakuninyamazisha. Aliinuka, akaingia jikoni bila kuuliza vitu viko wapi, akabandika maji, akasonga ugali. Nikala. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikula chakula ambacho sikukipika mimi. Kabla hajaondoka alinitaka niifungue simu aniwekee mbegu nyingine. Nikamwambia sitaki, sina nguvu ya kulea kitu. Akasema sawa, na hakunisukuma.

Jioni ile nilimpigia Ramadhani. Unajua tulivyo mimi na yeye, yeye anauliza hamjambo, mimi nasema hatujambo, tunakata. Safari hii nikasema, "Kaka, nimechoka. Nimechoka tangu mwaka juzi." Nikasikia mashine za huko machimboni zinaunguruma. Akasema hakujua. Nikasema najua hukujua, sikukuambia.

Alifika Ijumaa iliyofuata na begi moja. Yuko huko kwenye vitunguu sasa hivi, anamwagilia vibaya sana, tuta moja linaogelea na lingine limekauka. Lakini anamwagilia yeye. Ndiyo sababu saa nne hii ya asubuhi nimekaa kivulini, mikono mikavu, na kalamu.

Uchovu haujaisha, nisikudanganye tena. Nikiamka naukuta umeamka kabla yangu. Ila zamani ulikuwa wangu peke yangu.

Hii barua nitaikunja niifukie pale kichwani kwako, chini ya jiwe dogo. Mnyaa sina pa kumzika, alikuwa kwenye kioo tu. Nikuombee kwa Mungu akupe mapumziko mema, wewe uliyelala sana na hukupumzika.

Na ahadi yangu ni hii, moja tu, maana nyingi sitaziweza. Nikichoka nitasema. Nitamwambia mtu aliye hai, mwenye mikono, anayeweza kushika jembe.

Kwaheri, Baba. Ramadhani ananiita nikamwonyeshe mfereji unapofunguliwa. Nitamwacha aite kidogo.

Binti yako,
Mwajuma