Nyama ya Ulimi Isiyokatwa

Mujukuu wangu Furaha,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Kinshasa. Hapa Munigi tuko salama, na papa yako amevuna maharagwe. Umeuliza mbona sikukata ile nyama uliyoiona nyuma ya ulimi wangu.

Nilikuwa musichana, nyama hiyo ikiziba koo, chakula kinapita kwa shida. Shangazi akanipeleka Birere kwa muzee mukata vilimi. Kisu kikiwa tayari, mama yangu akaingia: "Ngoja hospitali wapige foto ya ndani ya koo kwanza."

Muzee akacheka. "Mama, foto imeponya nani?"

Mama akanishika mkono, tukaenda hospitali. Munganga akapitisha ekografi, mashine ya kuona ndani ya mwili, shingoni mara mbili. Tezi ya koo haikuwa mahali pake. Akaiweka mashine chini ya kidevu, akatuonyesha: ile nyama ndiyo tezi yenyewe, na sina ingine. Tezi hiyo ndiyo inaupa mwili joto na nguvu; ingekatwa, mwili ungepoa na akili kulala. Akanipa vidonge, nyama ikapungua.

Nimezaa sita, Furaha. Kila Jumapili naimba sauti ya juu kwaya nzima ikinifuata. Wenzangu tezi zao ziko shingoni. Yangu Mungu aliiweka kwa ulimi, na hapo itakaa.

Koko wako, Mama Esperance